KOVU DOGO LA RANGI LISIWE TUNDU LA KUTU

Ndugu Mkulima, ikiwa una pikapu ya kupelekea maziwa kwenye chama na viazi sokoni, fanya jambo moja kesho asubuhi kabla ya kuiwasha. Izunguke polepole ukiitazama. Tazama ukingo wa mbele wa boneti, madigadi juu ya magurudumu, chini ya milango, na mlango wa nyuma ambako magunia hupakiwa na kushushwa. Hutakosa kuona alama. Nyingine ni mikwaruzo ya miiba na seng'enge. Nyingine ni vidoa ambapo jiwe la barabara limebandua rangi. Tena hapa na pale utaona kidoa chekundu-chekundu, kisichozidi punje ya mtama.

Kidoa hicho chekundu ndicho adui wa pikapu yako, nalo jambo la kufurahisha ni kwamba adui huyu waweza kumshinda mwenyewe, nyumbani kwako, kwa vifaa vichache na subira. Hapana haja ya kungoja mpaka upate fedha za kumlipa fundi apake gari zima.

Tufanye mfano wa wakulima wawili majirani, walionunua pikapu mwaka mmoja kwa mkopo wa chama. Magari yote mawili yalipigwa na mawe ya njia ile ile. Wa kwanza alisema, "Hii ni gari ya kazi, si ya arusi," akaacha alama kama zilivyo. Wa pili alitenga siku mbili kila kiangazi akaziba kila alama aliyoiona. Mkopo ulipokwisha, wa kwanza alikuwa na pikapu ambayo sakafu yake imetoboka na mnunuzi anaikata bei kabla hata ya kufungua boneti. Wa pili alikuwa na mali. Gari zilikuwa sawa na injini zilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa ni uangalizi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

KWA NINI KUTU HUENEA

Kutu huja pale chuma kinapokutana na maji na hewa pamoja. Rangi haikuwekwa kwa urembo tu. Ni koti la mvua la chuma. Likichanika mahali padogo, maji huingia hapo. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inapozaliwa chini ya rangi huinyanyua rangi iliyo kando yake, na maji hupata njia ya kwenda mbele zaidi. Ndiyo sababu utaona rangi imevimba kama malengelenge mahali ambapo juu yake hapajachubuka. Chini yake kazi imekwisha anza.

Chumvi huharakisha kutu sana, na mkulima hubeba chumvi nyingi bila kufikiri. Mbolea nyingi za dukani ni namna ya chumvi. Gunia likipasuka ndani ya pikapu, punje zile hunyonya unyevu na kula chuma. Chumvi ya ng'ombe ni vivyo hivyo. Mkojo wa ng'ombe na samadi mbichi huleta madhara, na maziwa yaliyomwagika huchacha na kuwa na asidi. Wakulima walio karibu na bahari, kama wale wa Mpeketoni katika Lamu, wana shida moja zaidi, kwa maana upepo wenyewe huja na chumvi. Na wale wa Kinangop, ambako nchi iko juu na ukungu ni mwingi, magari yao hukaa yamelowa umande hata siku zisizo na mvua.

JUA TABAKA ZA RANGI

Kabla ya kutengeneza ni lazima ujue unatengeneza nini. Rangi ya magari ya siku hizi huwa na tabaka kadhaa. Chini kabisa ni bati la chuma lililotiwa dawa ya kuzuia kutu. Juu yake ni rangi ya kwanza, ambayo mafundi huiita praima, na mara nyingi ni ya kijivu. Halafu huja rangi yenyewe, nyeupe au buluu au nyekundu. Juu ya yote, katika magari mengi, kuna vanishi isiyo na rangi, ambayo ndiyo ing'aayo. Tabaka hizi zote pamoja unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, au zaidi kidogo. Yaani karibu sawa na karatasi moja ya daftari. Basi usitumie nguvu nyingi unaposugua, kwa maana koti lenyewe ni jembamba.

PIMA ALAMA KWA MAJI NA UKUCHA

Osha gari kwanza, kisha pima kila alama hivi. Tia tone la maji juu yake. Ikiwa mkwaruzo unapotea ukilowa na kurudi ukikauka, umo katika vanishi tu. Halafu pitisha ukucha polepole kukatiza mkwaruzo. Ukucha usipokwama, mkwaruzo si wa kina. Ukikwama, tazama chini yake. Ukiona kijivu, umefika kwenye praima. Ukiona chuma kinachong'aa au doa la hudhurungi, umefika kwenye bati lenyewe, nayo ndiyo alama ya kushughulikiwa kwanza kuliko nyingine zote.

Bampa nyingi za siku hizi ni za plastiki, nazo hazipati kutu. Chukua sumaku ndogo ukaiweke juu ya kitambaa chembamba. Isiponata, hapo si chuma cha kawaida, na alama ya hapo yaweza kungoja. Fedha na nguvu zako zianzie penye chuma.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

Tafuta vitu hivi kabla ya kuanza, usije ukaacha kazi katikati:

Ndoo mbili za maji safi na sabuni ya maji isiyo kali.

Vitambaa safi vya pamba. Fulana kuukuu iliyofuliwa yafaa sana.

Msasa wa namba 400 wa kuondoa kutu, na msasa laini kabisa wa namba 2000 wa kumalizia. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi.

Spiriti ya mafundi ya kufutia mafuta. Usichukue ile ya kusafishia vidonda, kwa kuwa mara nyingine hutiwa mafuta ndani yake.

Kopo dogo la praima ya chuma, kopo dogo la rangi ya gari lako, na vanishi kidogo ikiwa gari lako lina vanishi.

Utepe wa karatasi utumiwao na mafundi wa rangi, njiti za kiberiti, na brashi ndogo nyembamba kama ya watoto wa shule.

Kompaundi ya kung'arishia, na nta ya gari.

Kuhusu rangi, usiende dukani ukasema "nyeupe" tu. Hata kitabu cha gari huandika jina la rangi pekee, wala hilo halitoshi. Kila gari lina namba ya rangi, iliyoandikwa kwenye kibao kidogo chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa Toyota, tazama baada ya herufi C/TR. Kwa mfano, 040 ni nyeupe ya kawaida, lakini 070 ni nyeupe yenye mng'ao wa lulu, na ukipaka moja juu ya nyingine kiraka kitaonekana kutoka mbali. Iandike namba hiyo kwenye karatasi uende nayo dukani. Tena jua hufifisha rangi, kwa hiyo jaribu kwanza tone moja mahali pasipoonekana, ulitazame likikauka.

CHAGUA SIKU

Rangi haipendi unyevu, vumbi, wala joto kali. Wakulima wa Uasin Gishu na Trans Nzoia yawafaa kufanya kazi hii kati ya Desemba na Februari, baada ya mavuno na kabla ya mvua za masika. Wa Nyandarua wachague Januari au Februari, maana baridi ya Julai huchelewesha rangi kukauka. Anza yapata saa nne asubuhi, umande ukiisha ondoka, na umalize kupaka kabla ya saa tisa. Weka gari kivulini. Ukigusa bati kwa kiganja lisiwe la kuunguza. Liwe mbali na banda la ng'ombe, na mbali na kuku wanaopekua vumbi.

Jambo la usalama: spiriti, thina na rangi hushika moto upesi, na mvuke wake hudhuru mapafu. Fanya kazi nje, penye hewa. Usivute sigara, wala jiko lisiwe karibu. Watoto wasicheze hapo, na makopo yafungwe na kuwekwa juu. Ikiwa gari ni la zamani sana, rangi yake yaweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Sugua na msasa uliolowa ili vumbi lisiruke, na mabaki usiyamwage penye mboga wala penye maji ya mifugo.

KAZI YENYEWE

1. Mkwaruzo wa vanishi tu. Tia kompaundi kidogo kwenye kitambaa chenye unyevu, usugue kwa kuzungusha polepole mpaka mkwaruzo ufifie. Futa, tazama, rudia ikiwa lazima. Usiendelee kusugua mahali pamoja kwa muda mrefu, na jihadhari penye kingo, maana hapo rangi ni nyembamba zaidi. Malizia kwa nta. Kazi imekwisha.

2. Alama iliyofika kwenye chuma. Osha kwa sabuni, suuza, kausha kabisa. Rangi iliyolegea kandokando ing'oe kwa ukucha au ncha ya kijiti. Kata kipande cha msasa wa 400 kiwe duara dogo, ukigandishe kwenye kifutio kilicho mwisho wa penseli. Kwa njia hii utasugua kutu yenyewe bila kuharibu rangi nzima iliyo kando. Sugua mpaka uone chuma cheupe. Msiache hata nukta moja ya hudhurungi, kwa maana kutu iliyofunikwa kwa rangi haifi. Huendelea kula gizani. Kingo za rangi zilainishe kidogo zisiwe kama ngazi.

Ikiwa kutu imeingia katika vishimo vidogo ambavyo msasa haufiki, maduka ya rangi huuza dawa yenye asidi ya fosforiki inayogeuza kutu kuwa tabaka gumu lisiloendelea kula. Vaa glavu, linda macho, na fuata maandishi ya chupa.

3. Futa kwa spiriti na kitambaa safi, uache ikauke. Tangu hapa usiguse mahali hapo kwa kidole, kwa kuwa kidole kina mafuta na rangi haitashika. Zungushia utepe wa karatasi. Usichelewe, chuma kilicho wazi huanza kushika kutu hata usiku mmoja wenye umande.

4. Praima. Koroga kopo vizuri. Chovya ncha ya njiti ya kiberiti, ile isiyo na baruti, uguse katikati ya alama, na praima itasambaa yenyewe. Tia kidogo tu, ifunike chuma chote lakini ibaki chini ya usawa wa rangi ya kando. Iache saa moja au zaidi, kwa kadiri kopo lisemavyo.

5. Rangi. Paka tabaka nyembamba mbili au tatu, ukingoja kila moja ikauke kama nusu saa hadi saa moja. Hapa ndipo wengi hukosea. Huona tabaka ya kwanza haifuniki vizuri, wakajaza tone zima mara moja. Tone nene hukauka juu na kubaki bichi ndani, kisha hukunjamana na kupasuka. Tabaka tatu nyembamba zina nguvu kuliko moja nene, kama vile palizi tatu kwa wakati wake zinavyoshinda palizi moja ya kuchelewa. Ondoa utepe kabla rangi haijawa ngumu, usije ukaibandua.

6. Vanishi. Siku ya pili tia vanishi, mpaka mahali hapo painuke kidogo tu juu ya rangi ya kando. Kisha liache gari. Laweza kwenda sokoni, lakini usilioshe wala kulisugua kwa muda wa juma moja.

7. Kusawazisha. Baada ya juma moja, lowesha msasa wa 2000 katika maji yenye sabuni, uukunje juu ya kipande kidogo cha mbao laini, usugue polepole ile sehemu iliyoinuka tu mpaka iwe sawa na kando. Itakuwa imefifia, usiogope. Tia kompaundi na mng'ao utarudi. Nta usiipake hapo mpaka mwezi mmoja upite, ili rangi mpya imalize kukauka mpaka ndani.

Mara ya kwanza kiraka chako huenda kikaonekana ukisimama karibu. Si neno. Shabaha ya kazi hii ni kuzuia maji yasifike kwenye chuma, na kiraka kibaya kisichopitisha maji ni bora kuliko alama iliyoachwa wazi. Anza na alama iliyo mahali pasipoonekana sana, mkono upate mazoea.

MAMBO YASIYOFAA

Usifutie kwa petroli wala mafuta ya taa. Petroli ni hatari ya moto, na mafuta ya taa huacha utelezi ambao rangi haishiki juu yake. Usipake rangi ya lango au ya mabati ya nyumba kwenye boneti; haifanani na rangi ya gari, na siku utakapotaka fundi alipake upya atatumia muda mwingi kuikwangua. Usipake oili chafu juu ya rangi ya nje. Wengine hutumia rangi ya kucha. Ikiwa mvua imekukuta na huna rangi, na chuma kimekwisha safishwa, tone la rangi ya kucha laweza kuzuia maji kwa siku chache, lakini lihesabu kuwa kama gunia juu ya paa linalovuja. Liondoe ufanye kazi sawasawa kiangazi kikija.

WAKATI WA KUMWITA FUNDI

Chukua bisibisi ubonyeze kwa upole mahali penye kutu nyingi. Bati likibonyea au kutoboka, kazi hiyo si ya njiti ya kiberiti; yataka kukatwa na kuchomelewa kipande kipya. Vivyo hivyo ukiona kutu yenye magamba kwenye chesisi, mahali springi zinaposhikwa, au mahali mikanda ya kiti inapofungwa, usipake rangi ili kuficha. Hizo ndizo sehemu zinazobeba roho za watu. Pia sehemu kubwa kuliko kiganja cha mkono, au bati lililobonyea, ni afadhali umpe fundi mwenye pampu ya kupulizia rangi.

ZUIA KABLA YA KUTENGENEZA

Kila ukishusha mbolea, chumvi au mifugo, osha ndani ya pikapu siku ile ile. Tandika turubali au mpira sakafuni ili madebe ya maziwa na majembe yasichubue. Kwenye barabara ya murram usilifuate lori kwa karibu. Mawe ya magurudumu yake ndiyo yabanduayo rangi ya boneti yako. Weka vizuia matope nyuma ya kila gurudumu. Chini ya milango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Matope huviziba, na maji hukaa ndani ya mlango yakiula pole pole bila mtu kuona. Vizibue kwa kijiti kila mwezi.

Maarifa haya yafaa pia kwa trekta, tela na pikipiki. Lakini ndani ya madebe ya maziwa usipake rangi ya namna yoyote. Debe lililoshika kutu ndani libadilishwe.

KUMBUKA HAYA

Osha, kausha, pima kwa maji na ukucha. Ondoa kutu yote kabla ya kufunika. Futa mafuta, kisha usiguse. Tabaka nyembamba, si nene. Ngoja juma moja kabla ya kusugua, na mwezi mmoja kabla ya nta.

Kazi hii mwonyeshe pia kijana wako na msichana wako, kwa kuwa wao wana macho makali na mikono isiyotetema, na ndio watakaoliendesha gari hilo kesho. Wewe mwenyewe ulipopewa shamba hukungoja kwekwe ifunike mahindi ndipo uchukue jembe. Basi na kutu nayo ni kwekwe ya chuma. Ing'oe ingali changa.